Kikao kinapokubali kila kitu: jibu kwa mwenyekiti mpya wa SACCOS

Swali: "Mimi ni mwalimu wa sekondari Kanda ya Ziwa. Mwaka huu nimechaguliwa mwenyekiti wa bodi ya SACCOS yetu ya walimu na watumishi wa halmashauri. Bodi ina wajumbe saba. Vikao vyetu ni vya amani, kila ajenda inapita bila ubishi, lakini wiki moja baadaye nasikia wajumbe walewale wanasema nje kwamba hawakuafiki. Bodi iliyopita, ambayo nami nilikuwa mjumbe wake, ilipitisha kwa kauli moja ununuzi wa kiwanja na ujenzi wa ofisi. Zimeshatumika shilingi milioni 140, msingi umejengwa, kisha ujenzi umesimama. Mali zote za chama ni kama milioni 900, na wanachama sasa wanasubiri mikopo hadi miezi mitatu. Meneja anashauri tukope benki tumalizie jengo. Makamu wangu ni mwalimu mkuu mstaafu ambaye alinifundisha. Akishasema, hakuna anayeongeza neno. Je, niwe mkali zaidi? Na nitajuaje kama uamuzi tunaoufanya ni mzuri?"

Mwalimu, hongera kwa kuaminiwa, na pole, maana umerithi msingi wa jengo pamoja na foleni ya mikopo. Kazi yangu ni kuzinoa bodi za vyama vya akiba na mikopo, na wapo wenyeviti wengi ninaowafahamu ambao wangeweza kuniandikia barua hii neno kwa neno.

Ukali hautakusaidia. Mjumbe anayeshindwa kumpinga mwenyekiti mpole, akipewa mwenyekiti mkali atazidi kunyamaza, na minong'ono ya nje itaongezeka. Shida ya bodi yako ni kwamba mashaka yapo, watu wanayo vichwani, ila hayafiki mezani wakati ambapo yangeweza kuokoa fedha. Yanafika kijiweni wiki moja baadaye, yakiwa hayana faida kwa mtu yeyote.

Anza kwa kujiuliza mwenyewe. Siku ile hoja ya kiwanja inapita, ulikuwa umekaa pale. Ulikuwa na shaka? Kama ulikuwa nayo, ni nini kilikuzuia kuisema? Chukua karatasi ujibu kwa ukweli, kwa sababu kilichokuzuia wewe ndicho kinachowazuia wenzako leo. Pengine kabrasha mlikabidhiwa mlangoni asubuhi hiyohiyo, kurasa arobaini, hakuna aliyezisoma. Pengine mwenyekiti wa wakati ule alifungua ajenda kwa kusema, "Hili ni jambo la maendeleo, sidhani kama kuna mwenye tofauti." Pengine ajenda yenyewe iliwekwa karibu na mengineyo, saa saba imeshapita, harufu ya pilau inaingia dirishani, na karatasi ya posho imeanza kuzunguka kusainiwa. Katika hali hiyo, mwenye swali hujiona mkorofi anayewachelewesha wenzake. Basi hunyamaza, na katibu huandika: "Wajumbe walijadili kwa kina na kuafiki kwa kauli moja."

Kunyamaza mbele ya mkubwa si udhaifu wa SACCOS peke yake, wala si wa Waafrika kama wengine wanavyopenda kudai. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu, wakafa watu 583. Hadi leo hakuna ajali ya usafiri wa anga iliyoua watu wengi kuliko hiyo. Rubani wa ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, alikuwa mkufunzi mkuu wa marubani wa shirika lake, mtu wa kuheshimika mno. Alianza kuondoka kabla hajapewa ruhusa ya kupaa. Fundi wa ndege aliyekuwa nyuma yake chumbani aliuliza kama ile ndege nyingine ilikuwa imeshatoka kwenye njia ya kurukia. Rubani akajibu kwamba ndiyo, imetoka. Fundi hakurudia tena. Hakuwa amekosea kuuliza, na alikuwa na muda wa kurudia, ila jibu la mkubwa lilitosha kumnyamazisha. Miaka iliyofuata mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha marubani mambo mawili: mdogo afundishwe kusema kwa sauti inayosikika, na mkubwa afundishwe kuuliza na kusikiliza. Angalia kwamba hawakumwachia mdogo mzigo wote. Ndivyo nitakavyokushauri na wewe. Ukiwaambia tu wajumbe "kuweni huru kusema," umewapa wao kazi ambayo ni ya kwako.

Kazi yako, basi, ni hii. Kabrasha litoke siku saba kabla ya kikao, na kila hoja inayogusa fedha iwe na ukurasa mmoja juu yake wenye mambo manne: tunaombwa kuamua nini, itagharimu kiasi gani, fedha zinatoka wapi, na njia nyingine ilikuwa ipi. Hilo la nne usilisamehe. Hoja inayokuja na njia moja tu imeshaamuliwa ofisini kwa meneja, nanyi mmeitwa kugonga muhuri. Kwa jengo lenu, njia nyingine zilikuwepo: kuendelea kupanga, kununua kiwanja na kusubiri, au kujenga chumba kimoja kimoja kwa faida ya mwaka. Sina hakika kama hata moja ilifika mezani.

Siku ya kikao, ajenda nzito ije mara tu baada ya yatokanayo, watu wakiwa bado na nguvu. Ukishaifungua usitoe maoni yako. Usiseme "mimi naona", usitikise kichwa, usimpongeze meneja kwa "kazi nzuri aliyoifanya". Wape wajumbe dakika tano za kimya, kila mtu aandike kwenye karatasi anachounga mkono na anachokitilia shaka. Kisha zungukeni meza mmoja mmoja, mkianza na mjumbe mgeni kabisa au mdogo kwa umri, mkiishia kwa makamu, na wewe mwisho kabisa. Kuandika kabla ya kusema kunaonekana jambo dogo, lakini ndilo linalobadilisha kikao. Mtu akishaandika shaka yake kwa mkono wake, ni vigumu kuimeza zamu yake inapofika. Na akisikia mwenzake mmoja tu ametaja shaka inayofanana na yake, ulimi unamfunguka. Mwanasaikolojia Solomon Asch alilionyesha hili kwa majaribio yake ya miaka ya 1950: mtu aliyezungukwa na kundi linalotoa jibu lisilo sahihi alilifuata kundi takriban mara moja kati ya tatu, hata pale macho yake yalipomwambia vingine, lakini akiwepo mtu mmoja tu wa upande wake, kulifuata kundi kulipungua sana.

Kuna swali moja ambalo ningependa ulitumie katika kila uamuzi mkubwa. Limetoka kwa Gary Klein, mtafiti wa Marekani aliyelieleza mwaka 2007, nami nimeliona likifanya kazi vizuri kwenye bodi zetu. Kabla hamjapiga kura, waambie wajumbe: "Tuchukulie ni mwaka mmoja kuanzia leo. Tulipitisha hoja hii na imeshindwa vibaya. Andikeni sababu." Usiwaulize kama itashindwa, waambie imeshindwa. Ukimuuliza mjumbe "unaona tatizo lolote?" umemtaka ampinge meneja. Ukimwambia aeleze kwa nini imeshindwa, umempa kazi ya kutumia akili yake, wala hamkosei mtu heshima. Bodi yenu ingefanya hivyo siku ya kiwanja, naamini angalau mmoja angeandika: "Fedha za wanachama zimekwama kwenye tofali, Januari imefika, wazazi wanataka mikopo ya ada, na hatuna cha kuwapa." Kila mjumbe wa SACCOS ya walimu anaijua Januari.

Hapa niseme juu ya idadi ya kura, maana wenyeviti wengi huamini kwamba wengi wakikubali basi uamuzi ni mzuri. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikusanye maoni ya Watanzania: tubaki na chama kimoja au tuingie vyama vingi? Kama asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja. Kwa hesabu ya mikono kazi ilikuwa imekwisha. Lakini tume ilisoma sababu nyuma ya namba, ikaona kwamba wengi kati ya hao waliotaka chama kimoja walitaka pia mfumo urekebishwe, na ikapima uzito wa hoja za wale wachache. Ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya siasa zilizofuata. Mimi ninachokichukua pale ni namna ya kusikiliza: hoja ya mmoja kati ya saba ipimwe kwa uzito wake kabla hamjahesabu mikono. Mkishaipima mkaikataa, ikataeni kwa kueleza, na maelezo yaingie kwenye muhtasari.

Sasa tuje kwenye muhtasari wenyewe, kwa sababu hapo ndipo uamuzi mzuri hufia. Fungua mihtasari yenu ya mwaka uliopita, sehemu ya yatokanayo. Nitashangaa kama sentensi "utekelezaji unaendelea" haipo. Sentensi hiyo haina mtu, haina tarehe na haina kiasi. Ajenda moja inaweza "kuendelea" vikao vinne bila aliyepewa kazi kuulizwa. Kuanzia kikao kijacho, kila azimio liandikwe pamoja na jina la cheo cha mhusika, tarehe ya mwisho, na dalili itakayowafanya msimame. Dalili hiyo muiweke mapema, mkiwa bado hamjaingia fedha. Kwa mfano: "Ujenzi utasimama iwapo maombi ya mikopo yaliyokamilika yatasubiri zaidi ya siku 30." Mngekuwa na mstari huo mmoja, ujenzi ungesimama wenyewe kabla foleni haijafika miezi mitatu, na hakuna ambaye angelazimika kumwambia mwenzake kwamba alikosea.

Mjumbe aliyepinga ana haki ya kuandikiwa kwamba alipinga na kwa sababu gani. Akishaandikiwa, nje ya chumba anabeba uamuzi wa bodi kama wengine. Mambo haya mawili yaende pamoja. Ukimdai utii wa nje bila kumpa nafasi ya ndani, utarudi kwenye minong'ono ileile. Na kundi la WhatsApp la bodi libaki la kuitana na kupeana taarifa. Vidole gumba vya kukubali saa nne usiku si akidi.

Si kila jambo linahitaji taratibu zote hizi, nami nisingependa uigeuze bodi kuwa mahakama. Jambo mnaloweza kulirudisha nyuma kwa gharama ndogo, mwachieni meneja aamue na atoe taarifa: kubadilisha siku za kupokea fomu, kununua printa, kujaribu utaratibu mpya wa kuwapigia simu wadaiwa. Nguvu zenu zihifadhini kwa yale yasiyorudi: ardhi, ujenzi, mkopo wa benki, ajira ya meneja, mabadiliko ya riba. Bodi nyingi hufanya kinyume. Hutumia saa mbili kubishania sare za mkutano mkuu na dakika kumi kupitisha mamilioni. Vilevile msiiingilie kamati ya mikopo katika mkopo wa mtu mmoja mmoja. Nyie wekeni sera, wao waamue maombi. Mjumbe ombi lake likifika mezani, atoke nje, na muhtasari useme alitoka.

Kuhusu jengo, nikupe kipimo. Baraza la dunia la vyama vya akiba na mikopo lina mfumo wa kupima afya ya vyama unaoitwa PEARLS. Ndani yake, mali zisizozalisha, yaani majengo, viwanja, samani na mfano wake, zinatakiwa zisizidi asilimia 5 ya mali zote. Kwa chama chenye milioni 900, hiyo ni milioni 45. Nyinyi mmeshaweka 140, zaidi ya asilimia 15, kabla hata ukuta haujainuka. Chama kinapata mapato kwa kukopesha. Kila shilingi iliyo kwenye msingi haimlipi mwanachama riba wala haimsogezi aliye kwenye foleni. Hapo ndipo miezi mitatu yenu ilipotoka.

Kwa hiyo ushauri wa meneja wa kukopa benki mmalizie, ningeupinga kwa sasa. Mkopo wa benki utaanza kudai rejesho mwezi unaofuata, na jengo halitaingiza kitu hadi likamilike, pengine hata baada ya hapo. Mtalipa riba kutokana na fedha zilezile ambazo mngewakopesha walimu. Najua kitakachosemwa: "Tumeshatumia milioni 140, tutaziachaje?" Ni hoja inayogusa moyo, lakini fedha hizo zimeshatoka mkiendelea na hata mkiacha. Swali la kikao liwe moja: milioni nyingine tuliyonayo leo, iende kwenye ukuta au kwa mwanachama? Iulizeni bodi hivyohivyo, kwa zamu na kwa maandishi, kama nilivyoeleza.

Mkiamua kusimamisha, andaeni taarifa yenye namba zote kwa mkutano mkuu: kilichotumika, kilichobaki, foleni ya mikopo, na lini mtaufikiria tena ujenzi. Mkopo wa nje haupiti kwa bodi peke yake. Upo ukomo wa madeni ambao mkutano mkuu unaupitisha na Mrajis wa vyama vya ushirika anauidhinisha, na masharti ya chama chenu yana la kusema juu ya uwekezaji wa ukubwa huu. Mwite afisa ushirika wa wilaya mapema, akiwa mshauri, kabla hajalazimika kuja akiwa mchunguzi. Kamati ya usimamizi nayo ipewe nyaraka zote bila kuombwa mara mbili.

Unaogopa, nadhani, kwamba kusimama mbele ya wanachama na kusema "uamuzi ule haukuwa sahihi" kutaishusha bodi, hasa kwa kuwa na wewe uliupigia kura. Angalia historia ya ushirika wetu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vikiwemo vikongwe kama KNCU, chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanzishwa 1933, na kazi zao wakapewa vijiji na mamlaka za mazao. Wakulima waliumia, na mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Mwaka 1984, Mwalimu Nyerere, akiwa bado Rais, alisema wazi katika mahojiano kwamba kama angeanza upya, kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyafanya. Aliyataja kwa majina yake na hakumsukumia mtu mwingine. Heshima yake haikupungua kwa kusema hivyo. Wanachama wenu ni walimu na wahasibu, wanajua kusoma mizania. Wanachokisubiri ni bodi inayosoma mizania ileile wanayoisoma wao.

Umeniuliza utajuaje kama uamuzi ni mzuri. Usiupime kwa matokeo peke yake, kwa sababu uamuzi wa hovyo unaweza kubahatika na uamuzi makini unaweza kukutana na ukame au mishahara iliyochelewa. Anzisha daftari, mbali na mihtasari. Kwa kila uamuzi mkubwa andika siku hiyohiyo: mlikuwa mnajua nini, mlitarajia nini kitokee na lini, na nani alikuwa na shaka gani. Baada ya miezi sita lisomeni pamoja kwenye bodi. Mtaona mnakosea wapi kwa kujirudia. Bodi nyingine hukosea kwenye makisio ya mapato, nyingine kwenye muda, nyingine kwa kumwamini mkandarasi yuleyule. Mkishalijua kosa lenu mnalolizoea, mtalikuta mlangoni kabla halijaingia.

Limebaki la mzee wako, makamu mwenyekiti. Usijaribu utaratibu mpya wa zamu kikaoni bila yeye kujua. Atauona ni njama ya kumnyamazisha, na atakuwa na haki ya kuudhika. Nenda nyumbani kwake kabla ya kikao, umwamkie kama unavyomwamkia siku zote, na umweleze kwa nini unaomba yeye asiseme mapema: neno lake ni zito kiasi kwamba likitangulia, wadogo hawaleti tena walichonacho, na chama kinakosa kusikia. Hayo ni kweli, kwa hiyo utayasema bila kujikaza. Usiende kumwombea kura juu ya jengo, hilo liache lijadiliwe mezani. Mwombe jambo moja la ziada: zamu yake ikifika, kabla hajatoa maoni yake, aeleze kwa maneno yake shaka kubwa kuliko zote alizozisikia kwa waliotangulia. Mtu aliyefundisha maisha yake yote anaiweza kazi hiyo kuliko yeyote pale. Na mpelekee kabrasha kwa mkono wako siku hiyo, lenye ukurasa wa foleni ya mikopo juu kabisa.